GPS ya Simu Mjini Malindi: Jinsi ya Kujua Anayekosea ni Setilaiti, Ramani au Pini

Ukitaka kusikia GPS ikitukanwa, panda tuktuk Malindi mwezi wa Desemba, wageni wakiwa wamejaa. Dereva katumiwa pini, yaani alama ya mahali kwenye ramani, ya nyumba iliyoko upande wa Casuarina, simu imeshamwambia amefika, na mbele yake hakuna nyumba. Kuna ukuta wa nyuma wa kiwanja cha mtu mwingine, na mlinzi anayeuliza anamtafuta nani. "GPS ya huku mbovu," atakwambia. Mara nyingi amemshtaki asiye na kosa. Malindi ni mji ambao GPS ya simu inafaa kufanya kazi vizuri: anga liko wazi, majengo mengi ni mafupi, milima hakuna. Kinachotupoteza kwa kawaida ni ramani yenye mapengo na pini iliyowekwa ovyo, na kila kimoja kina dawa yake. Mwongozo huu ni wa kuvitofautisha, uwe unaendesha gari dogo, tuktuk au pikipiki, kisha kurekebisha kinachorekebishika.

Hatua ya kwanza: elewa simu inajuaje ulipo

GPS yenyewe ni mfumo wa Marekani wenye setilaiti zipatazo 30 zinazoizunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi. Simu yako haitumi chochote huko juu, inasikiliza tu. Kila setilaiti hutangaza saa yake na mahali ilipo, na simu hupima mawimbi yamechukua muda gani kufika. Mawimbi hayo huenda kwa kasi ya mwanga, kwa hiyo kukosea saa kwa sehemu moja tu ya milioni ya sekunde ni kukosea umbali kwa mita 300. Ndiyo sababu zinahitajika setilaiti nne kwa uchache: tatu za kupata mahali, na ya nne ya kuisahihisha saa ya simu, ambayo haiwezi kushindana na saa za atomiki zilizo angani. Simu nyingi za sasa husikiliza pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, na kadiri zinavyokuwa nyingi ndivyo hesabu inavyokuwa nzuri.

Kwa kuwa simu inasikiliza tu, GPS haili bando. Bando likiisha, kitone cha buluu kinachoonyesha ulipo kitaendelea kutembea; kitakachokosekana ni michoro ya barabara chini yake, na njia mpya ukiomba. Mawingu na mvua pia si kisingizio, mawimbi hayo hupenya. Kinachoyazuia ni bati, zege, chuma, mwili wa mtu, na majani mazito kama ya miembe mikubwa iliyoshikana.

Usahihi wake je? Wamarekani wanaouendesha mfumo husema simu ya kawaida chini ya anga wazi hukosea kwa mita 4.9 hivi. Hadi Mei 2000 walikuwa wakiuharibu makusudi kwa watumiaji wa kiraia, kosa likifikia mita 100, kisha wakaacha. Mita tano zinatosha kujua kwamba uko Barabara ya Lamu na si ile ya Casuarina. Hazitoshi kujua uko upande gani wa Barabara ya Lamu, wala uko mbele ya duka lipi kati ya maduka manne yaliyobanana. Usiidai simu kitu ambacho haikuahidi.

Halafu kuna lile duara la buluu lililokizunguka kitone. Kwenye Android, maana yake ni uwezekano wa asilimia 68 kwamba uko ndani yake. Kwa maneno mengine, karibu mara moja kati ya tatu uko nje. Likiwa dogo, endesha. Likiwa limefunika mtaa mzima wa Maweni, simu bado haijazipata setilaiti, inakisia kwa minara ya simu na Wi-Fi za watu.

Jambo moja la angani linatuhusu sisi wa karibu na ikweta kuliko watu wa Ulaya. Jua likishatua, tabaka la ayonosfia, lenye chembe za umeme, huchafuka, na mawimbi ya setilaiti yakipita humo huyumba. Hutokea zaidi mwezi wa Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba, hasa miaka ambayo jua lina machafuko mengi. Ukiona kitone kinarukaruka saa mbili au saa tatu usiku mahali ambapo mchana kilitulia, huenda ndiyo hiyo. Simu zinazosikiliza masafa mawili, L1 na L5, huvumilia vizuri zaidi. Zilianza kuuzwa 2018 na sasa si za matajiri peke yao. Wanaofuatilia mambo haya wana macho yao hapa hapa kwetu: Malindi kuna kipokezi cha kudumu cha mtandao wa kimataifa wa kupima setilaiti hizi, na kule Ngomeni ndiko Waitaliano walikorusha setilaiti kutoka kwenye jukwaa la baharini kati ya 1967 na 1988.

Hatua ya pili: iandae simu ukiwa nyumbani

Fungua mipangilio, ingia sehemu ya mahali, kisha uangalie ruhusa za programu ya ramani. Hakikisha imepewa mahali kamili, si pa kukadiria. Simu huuliza swali hilo mara ya kwanza tu unapofungua programu, na watu wengi hubonyeza chochote ili waendelee. Ukiwa umechagua kukadiria, utaonyeshwa eneo la upana wa kilomita kadhaa, na hata setilaiti mia hazitakusaidia. Kwenye iPhone swichi hiyo iko kwenye mipangilio ya mahali ya kila programu.

Acha usakaji wa Wi-Fi ukiwa umewashwa hata kama hujaunganishwa popote, kwa sababu simu hutumia Wi-Fi zilizo karibu kujua ianzie wapi. Zima hali ya kuokoa betri unapoendesha: simu nyingi zikiwa kwenye hali hiyo huisikiliza GPS kwa kusinzia, na skrini ikizimika huiacha kabisa.

Kisha pakua ramani ukiwa na Wi-Fi. Kwenye Google Maps, vuta mraba unaoanzia Watamu na Gede hadi Mambrui na Gongoni. Unayekwenda mbali ongeza Kilifi, Marafa na njia yote ya Garsen. Ramani hizo huisha muda, kwa hiyo ruhusu zijisasishe zenyewe. Ujue pia kwamba bila intaneti Google hukupa njia ya gari peke yake, haikupi ya kutembea kwa miguu wala habari za foleni. Kwa sababu hiyo napendelea kuwa na programu ya pili, ama Organic Maps ama OsmAnd. Hizo hutumia data za OpenStreetMap, ramani ya bure inayochorwa na watumiaji wenyewe, zimetengenezwa kufanya kazi bila mtandao, na vijia vya miguu vya mashambani huwa zinavyo pale ambapo Google ina uwanja mtupu. Kwa majina ya biashara Google huzishinda. Tumia zote mbili.

Hatua ya tatu: ipime kabla ya kuilaumu

Pakua GPSTest, ni ya bure. Nenda mahali pa wazi, Buntwani kwa mfano, bahari ikiwa mbele yako na hakuna mti juu. Kama simu ina kava lenye bamba la chuma, livue. Ishike mbali na mwili, utulie.

Kama data imewashwa, setilaiti zitapatikana ndani ya sekunde chache, kwa sababu simu huletewa ratiba yao kwa intaneti. Kama haijawashwa, lazima isubiri setilaiti zenyewe ziitangaze ratiba hiyo, na kila moja huirudia kila sekunde 30. Ikikatizwa katikati inaanza upya. Hapa ndipo siri ya wale wanaolalamika kwamba simu inachelewa kuamka: wanaiwasha wakiwa ndani ya nyumba ya zege, wanaitia mfukoni, wanaondoka mbio, na hawajaipa hata nusu dakika ya anga.

Kwenye skrini tazama vitu vitatu. Idadi ya setilaiti zinazotumika ikifika kumi na kuzidi, vizuri. Nguvu ya mawimbi huandikwa kwa dB-Hz: zenye zaidi ya 35 ni safi, zilizo chini ya 25 ni dhaifu. Na kosa linalokadiriwa likishuka chini ya mita tano, simu yako ni nzima, usimruhusu fundi yeyote akuambie ibadilishwe kitu.

Sasa ingia garini, iweke pale unapoifunga kila siku, tazama tena namba zile zile. Zikishuka kidogo ni kawaida. Zikianguka, tatizo ni gari. Kuna vioo vya mbele vyenye utando mwembamba wa chuma wa kupunguza joto, na kuna tinti zenye chembe za chuma. Kwenye vioo vya namna hiyo mara nyingi huachwa sehemu isiyo na utando karibu na kioo cha kutazamia nyuma, kwa hiyo sogeza simu huko upime tena. Mwenye tuktuk shida hii haimhusu, paa lake ni turubai.

Hatua ya nne: ifunge mahali pake

Adui wa simu kwenye dashibodi ya Malindi ni jua. Ikipata moto hupunguza mwangaza, halafu huacha kuchaji, halafu hujizima, na kwa kawaida hufanya hivyo ukiwa mahali usipopajua. Kishikio kinachokaa kwenye tundu la kiyoyozi huipoza. Kile cha kubandika juu ya kioo huichoma. Iweke chini ya usawa wa macho bila kuziba barabara.

Kamera za garini na chaja za bei ya chini huweza kutoa kelele za redio zinazoisonga GPS. Kama kitone kinatulia ukichomoa chaja na kuchanganyikiwa ukiichomeka, umeshampata mwizi. Kishikio cha sumaku nacho hakiigusi GPS kabisa. Kinachoharibika ni dira, na hilo nitalirudia chini.

Na uifunge kweli. Kushika simu mkononi gari likitembea ni kosa la trafiki Kenya, na faini yake ya papo hapo ni shilingi 2,000.

Hatua ya tano: ihoji pini kabla ya kuwasha gari

Hapa ndipo safari nyingi za Malindi zinapoharibika, kwa hiyo nitakaa hapa.

Anza na majina. Ukiandika Shella bila kuangalia, simu inaweza kukupa Shella ya Malindi mjini au Shela ya kisiwa cha Lamu, ambako gari lako halifiki kabisa. Kisumu Ndogo iko Malindi, na iko Mombasa pia. Maweni ziko nyingi pwani nzima. Malindi yenyewe ina jina-mwenza Unguja, mtaa wa Mji Mkongwe. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza anza, tazama umbali. Safari ya mjini ikiandikwa kilomita 230, simu imekuelewa vingine.

Pili, namba. Wageni na mafundi wa mitambo hupenda kutuma viwianishi, mfano -3.2175, 40.1169, ambavyo ni Malindi mjini. Alama ya kutoa iliyo mwanzo si pambo: ndiyo inayosema kusini mwa ikweta. Mtu akiinakili namba bila alama hiyo, ramani itakupeleka kaskazini, Mandera, upande wa Takaba. Hesabu pia tarakimu baada ya nukta. Tano hukufikisha kwenye mita moja hivi, nne kwenye mita 11, tatu kwenye mita 110. Mwenye kukupa tarakimu mbili amekupa eneo la zaidi ya kilomita moja, mpigie simu umuulize alama za njiani.

Tatu, pini za biashara. Nyumba nyingi za wageni za Casuarina na Mayungu ziko ndani ya viwanja vikubwa, na aliyeweka pini ameiweka juu ya paa la nyumba, kwa vile ndilo analoliona kwenye picha ya angani. Programu nayo hutafuta barabara iliyo karibu zaidi na paa hilo. Kama barabara ya nyuma iko karibu kuliko ya mbele, utapelekwa nyuma, ukutani. Setilaiti haina kosa hapo na ramani haina kosa. Dawa ni kugeuza ramani iwe picha ya angani kabla ya kutoka, utafute lango kwa macho, uguse na kushikilia pale langoni, na uifanye hiyo ndiyo pini yako. Lango huonekana: njia ya gari yenye mchanga mweupe huishia hapo.

Nne, mahali panapotumwa kwa WhatsApp. Kuna vitu viwili tofauti ambavyo watu huvichanganya. Mahali ulipo sasa ni pini moja iliyoganda. Mahali pa moja kwa moja humfuata mtu anavyotembea, kwa dakika 15, saa 1 au saa 8. Anayekungoja nyumbani akutumie ya kwanza. Uliyepanga kukutana naye barabarani akutumie ya pili. Kabla hajatuma, WhatsApp humwonyesha usahihi kwa mita; wengi hutuma ukiwa bado mita mia na zaidi. Wengine hubonyeza jina la duka lililo kwenye orodha badala ya mahali pao wenyewe, na wewe unaishia dukani.

Mazungumzo ya simu yanayookoa mafuta huwa hivi:

"Shikamoo mama. Nimepata pini, lakini naona iko katikati ya kiwanja. Uko ndani?"

"Marahaba mwanangu. Niko ndani, jikoni."

"Basi nakuomba utoke mpaka langoni, usimame hapo nje, usubiri kidogo, halafu unitumie upya."

"Nisubiri nini tena?"

"Simu iyaone mawingu, mama. Ndani ya nyumba inabahatisha."

Nyumba za zamani za mawe ya matumbawe zina kuta nene, na zile za bati hufunika anga lote. Pini iliyotumwa kutoka jikoni inaweza kuangukia kwa jirani wa pili. Iliyotumwa langoni baada ya nusu dakika itakuwa karibu kabisa.

Mwisho, kama nyumba haina namba wala jina, tumia Plus Code. Gusa na ushikilie mahali kwenye Google Maps, itakupa herufi na tarakimu zenye alama ya kujumlisha katikati. Msimbo wa kawaida huonyesha kipande cha mita 14 kwa 14 hivi. Unaweza kuandikwa kwenye karatasi, ukasomwa kwa simu ya kitochi, na ukabandikwa ukutani. Kwa wenye nyumba za kupangisha, sijui kwa nini haujaenea.

Hatua ya sita: ukiwa barabarani mjini

Ukianza, usiutii mshale. Gari likiwa limesimama, GPS haijui umeelekea wapi. Inajua mahali tu. Mshale huo unatoka kwenye dira ya simu, na dira huvurugwa na bodi ya gari, spika na kishikio cha sumaku. Kwa hiyo ile amri ya mwanzo ya kuelekea kaskazini-magharibi iache ipite. Sogea mita ishirini thelathini, mshale utageuka wenyewe, kwa sababu sasa unahesabiwa kwa mwendo. Ukitembea kwa miguu na dira imepotoka, zungusha simu hewani kwa umbo la tarakimu nane mara chache.

Jua pia kwamba programu hukidanganya kitone kwa nia njema. Inapokuongoza hukivuta kitone juu ya barabara iliyo karibu, ili usionekane unaelea kwenye viwanja. Kwa siku nyingi ni msaada. Barabara mbili zikienda sambamba kwa ukaribu, kama ile kubwa na ya pembeni yenye maduka, kinaweza kuvutwa kwenye isiyo yako na ukaambiwa upinde pasipo na kona. Ukitoka kwenye hali ya kuongozwa ukarudi kwenye ramani ya kawaida, utakiona kitone kilivyo kweli. Njia hiyo hiyo itakuonyesha kama barabara imechorwa mahali pasipo: kitone kikikaa mita 20 kando ya mstari mtaa mzima, bila kuyumba, mstari ndio uliokosewa.

Kwenye vichochoro vya mji wa kale, karibu na soko na misikiti ya zamani, mawimbi hugonga kuta na mabati kabla ya kukufikia, yakiwa yamerefusha njia, na kitone kinaruka. Humo usiendeshe kwa simu. Isitoshe ramani huchora baadhi ya vijia kama barabara za gari, na ukishaingia na Probox hutageuza. Hali ya pikipiki kwenye Google inafaa bodaboda. Mwenye tuktuk asiiamini moja kwa moja, maana tuktuk ina magurudumu matatu na upana wake.

Kuhusu sauti: simu husema "pinda" kwa kuchelewa kidogo kwa mwendo wa kasi. Kwa kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kikomo mjini, gari huenda karibu mita 14 kila sekunde. Ikichelewa sekunde mbili umeshaipita kona. Tazama jina au umbo la kona inayofuata mapema, usingoje uambiwe.

Na kuna mambo ambayo hakuna programu inayoyajua: turubai la harusi lililofunga mtaa tangu Alhamisi, magari yaliyojaa mbele ya msikiti adhuhuri ya Ijumaa, maandamano ya Maulidi, tuta jipya lisilo na rangi. Muda wa kufika unaoandikwa kwenye skrini hauyahesabu.

Hatua ya saba: ikikosea, mtafute mkosaji

Simama pembeni kwanza. Tazama duara. Kubwa? Ni setilaiti: toka chini ya mti au bati, subiri. Dogo, lakini kitone kiko nje ya mstari wa barabara unayoiona kwa macho? Ni ramani: fungua ile programu ya pili. Dogo, kitone kiko juu ya barabara, na pini iko mahali pa ajabu? Ni pini: piga simu.

Kukiwa na mtu hapo, muulize. Wazee wa baraza na wenye vibanda hujua nyumba kwa jina la mwenyewe, si kwa jina lililo mtandaoni. Kwa hiyo mjue mwenye nyumba ni nani kabla hujatoka.

Hatua ya nane: nje ya mji

Upande wa Gede, programu inaweza kukuonyesha vijia vinavyokata ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke kama njia ya mkato. Ni njia za msitu, za mchanga, na chini ya miti GPS nayo hudhoofika. Baki kwenye lami. Upande wa Gongoni kuna njia nyingi zinazozunguka mabwawa ya chumvi. Nyingi zimo ndani ya mashamba ya chumvi ya watu na huishia kwenye geti. Kwenda Marafa kuona korongo la Nyari, pakua ramani, na mvua ikiwa imenyesha ulizia Mambrui hali ya njia kabla ya kuacha barabara kubwa. Ramani haijui tope.

Safari ya Lamu ni kilomita 220 hivi hadi Mokowe, na mtandao wa simu hukatika vipande virefu. Weka njia nzima kabla ya kutoka Malindi, usiifunge programu njiani, kwani bila mtandao ukipotea huenda isikupangie upya. Ulizia wenye mabasi asubuhi hiyo hiyo kuhusu usalama na maji. Mwishoni mwa 2023, wakati wa mvua za El Niño, mafuriko ya Mto Tana yaliikata barabara upande wa Gamba. Mstari kwenye skrini unaweza kuwa mzima hata lami ikiwa imekwenda na maji.

Mokowe ndipo gari linapobaki. Pini yako ikiwa Lamu mjini, weka Mokowe gatini kama mwisho wa safari ya gari, na pini ya nyumba iwe safari nyingine ya miguu baada ya boti.

Hatua ya tisa: irekebishe

Kila kosa ulilolithibitisha linaweza kuondolewa, na hapa dereva anajua kuliko ofisi yoyote. Kwenye Google Maps gusa mahali, chagua kupendekeza mabadiliko, sogeza pini hadi langoni, ongeza picha ya lango. Hupitiwa kwanza, huchukua muda, na wakati mwingine hukataliwa. Tuma tena ukiwa na picha iliyo wazi zaidi. Kwa barabara isiyokuwepo, OpenStreetMap ni ya haraka: fungua akaunti, washa programu ya kurekodi njia, ipite barabara hiyo kwenda na kurudi, kisha ichore juu ya picha ya angani ukiifuata ile rekodi. Andika kama ni ya gari au ya miguu, na kama ni ya mchanga. Usinakili chochote kutoka Google kuingiza humo, hairuhusiwi. Badiliko huonekana kwenye tovuti yao baada ya muda mfupi, lakini Organic Maps na OsmAnd hazitalionyesha mpaka watoe toleo jipya la ramani nawe ulipakue.